Wasikilizaji Kumi na Wanne

Siku ya Jumamosi, tarehe 3 Novemba 2018, saa nne kamili asubuhi, katika chumba cha chini cha maktaba ya mji wa Negaunee, Amerika, tulikuwa watu kumi na wanne, chama chetu kizima cha kusikiliza podikasti. Daftari la mahudhurio lilikuwa mikononi mwangu, na hapakuwa na jina lililokosa alama. Jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu mwezi wa Machi. Zilikuwa zimesalia siku kumi na mbili msimu wa kuwinda kulungu ufunguliwe, na majira hayo nusu ya wanaume wetu huwa porini wakitengeneza vibanda vyao. Lakini siku hiyo hata Norm Beaudry, aliyeendesha treni ya madini kwa miaka thelathini na mmoja na ambaye hapendi kiumbe kama anavyompenda kulungu aliye mbele ya bunduki, alikuwa ameketi mahali pake karibu na kipasha joto, kofia ya rangi ya chungwa kichwani.

Aliyetukusanya alikuwa Darla Trevarrow. Alhamisi jioni alitupigia simu mmoja mmoja, na wale ambao hawakupokea aliwafuata milangoni mwao Ijumaa.

Darla alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, na kazi yake ilikuwa kupeleka barua vijijini: visanduku mia tatu themanini na vinane, maili sabini na moja, siku tano kwa wiki, theluji au mvua. Gari lake lilikuwa na usukani upande wa kulia, kinyume na magari yetu mengine, ili mkono utoke dirishani na kufika kisandukuni bila mtu kushuka. Alikuwa mwembamba, mwenye nywele fupi alizozikata mwenyewe, na hakuwa na uwezo wa kutulia. Alikula pasti yake ya nyama na viazi akiwa amesimama, akahudhuria maziko ya mama yake akiwa amesimama nyuma ya kanisa, na katika miaka minne ya daftari langu sina ushahidi kwamba aliwahi kukaa kitini kwa dakika kumi mfululizo.

Podikasti ndizo zilizomwezesha kufanya kazi ile bila kurukwa na akili. Alisikiliza kutwa, kwa kipokea sauti kimoja katika sikio la kushoto, na alisikiliza kila kitu kwa kasi maradufu. Simu yake ilikuwa imewekwa hivyo tangu mwaka aliouziwa, naye hakuwahi kuigusa tena. Kwa hesabu yake, mtu asikilizaye kwa kasi ya kawaida anatupa nusu ya maisha yake, na hajui anamwachia nani.

Desturi ya chama chetu ilikuwa rahisi. Kila Jumamosi mwanachama mmoja huleta podikasti moja. Tunaisikiliza kwa dakika kumi, halafu mikono inainuliwa. Ikipata zaidi ya nusu, jina lake huandikwa daftarini na wote kumi na wanne tunajiandikisha kuifuata majumbani mwetu. Na ikishaandikwa, haichezwi tena chumbani, kwa kuwa kila mtu ana masikio yake. Kwa njia hiyo tulikuwa tumeandika podikasti sitini na tatu. Baadhi zilikuwa maarufu, zile ambazo ukiingia kwa kinyozi unamkuta naye anazisikiliza. Nyingine zilikuwa za mtu mmoja mmoja: madada wawili wa Iowa wanaogombana kuhusu nyuki wao, hakimu mstaafu wa Nova Scotia anayesoma barua za mabaharia, daktari wa mifugo anayesimulia wanyama alioshindwa kuwaponya. Nimejifunza kwamba podikasti maarufu haihitaji kutetewa na mtu. Ile uipendayo peke yako ndiyo inayokusimamisha mbele ya watu ukiwa na jasho viganjani.

Norm aliwahi kuleta mara tatu podikasti ileile ya mauaji.

"Nusu ya Amerika inasikiliza hii," alisema mara ya tatu.

"Nusu ya Amerika ina mafua pia," Darla alimjibu kutoka dirishani, alikokuwa akitembeatembea. "Tukaambukizwe?"

"Wewe unasikiliza mbio mbio, utajua nini? Muuaji kwako anakamatwa kabla hajaua."

"Ndiyo maana mimi nina muda wa kusikiliza nyingine, mzee."

Podikasti ya Darla, aliyoitetea Januari ya mwaka 2016 kwa sauti iliyomkauka, iliitwa Nyumba Zisizopo. Alikuwa ameona jina lake kwenye kikaratasi kilichobandikwa katika duka la chambo. Kila Alhamisi mwanamume mmoja asiyejitaja jina alisimulia habari za nyumba moja ya kaunti yetu ambayo haipo tena: ilikuwa na madirisha mangapi, nani alilala chumba gani, mlango wake ulifungukia wapi, na iliondokaje. Hakuna muziki, hakuna tangazo. Ilipata kura zote, na tangu siku hiyo sote tulimfuata mtu yule kama waumini.

Kwa Darla ilikuwa zaidi ya hapo. Kipindi cha thelathini na moja kilihusu nyumba ya mlango wa kijani katika upande ule wa mji uliozungushiwa uzio, ambako ardhi iliyotobolewa na migodi ilianza kuzama na watu wakahamishwa. Msimulizi alisema kwamba mwaka 1970, alipotumwa kuipima nyumba hiyo, mtoto wa kike wa miaka minane au tisa alikuwa akiizunguka mbio bila kusimama. Yeye akajikuta anahesabu mizunguko badala ya futi. Alifika arobaini na miwili, akalazimika kuanza kupima upya. Darla aliyasikia hayo akiwa barabarani, akaliegesha gari kando, na barua za siku ile zilichelewa kwa saa nzima kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Mtoto yule alikuwa yeye.

Basi tunarudi kwenye Alhamisi ya tarehe mosi Novemba. Katikati ya kipindi msimulizi alisema kwamba hicho ndicho cha mwisho. Kila wiki, alisema, mtambo humwonyesha idadi ya waliomsikiliza, na kila wiki idadi ni kumi na nne, haipandi wala haishuki. Binti yake, anayejua mambo ya kompyuta, amemweleza kwamba idadi isiyobadilika namna hiyo si watu. Ni mashine zinazopitapita mtandaoni zikikusanya kila kitu. Kwa hiyo kwa karibu miaka mitatu amekuwa akizungumza na mashine kumi na nne. Jumamosi saa sita mchana binti huyo atakuja kumchukua aende kuishi naye Green Bay, na maikrofoni ataiacha mezani.

Darla hakusikiliza zaidi ya hapo. Alikizima, akaanza kupiga simu. Alikuwa amemwandikia barua pepe mara nyingi hapo nyuma, na kila mara ilirudishwa na ujumbe kwamba kisanduku kimejaa. Sasa aliandika tena, ikarudishwa tena. Yeye, ambaye kazi yake ni kumfikia kila mtu mlangoni, hakujua pa kumpata mtu huyu mmoja.

"Mimi si mashine," alituambia Jumamosi ile, akitembea kati ya meza na ukuta. "Norm ni mashine kidogo, lakini mimi si mashine. Hawezi kuondoka akiamini hivyo."

"Sasa utampataje?" Norm aliuliza. "Kaunti hii ni kubwa kuliko nchi nyingine."

"Ndiyo maana nimewaita. Tunakisikiliza chote, pamoja, masikio kumi na manne—"

"Ishirini na manane."

"Wewe una moja linalofanya kazi. Tunakisikiliza, na yeyote akisikia kitu, jina la barabara, mlio wa treni, mbwa, chochote, anainua mkono."

Ilikuwa kinyume cha desturi kucheza chumbani podikasti iliyokwisha kuandikwa. Niliuliza kama kuna mwenye pingamizi, hakuwapo. Janelle Bertucci, mkutubi wetu, aliunganisha kompyuta ya maktaba na spika kubwa, akabonyeza. Ilikuwa saa nne na dakika saba.

Sauti ilitoka, nzito, ya taratibu, yenye mapumziko marefu kati ya sentensi, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kuijaribu kila hatua kwa mguu. Sisi kumi na watatu tulikuwa tumeizoea. Darla alisimama katikati ya chumba.

"Mbona anaburuta maneno hivi? Anaumwa?"

"Haumwi," Norm alisema. "Ndivyo anavyoongea."

"Siyo yeye huyu."

"Ndiye."

"Janelle, spika yako mbovu."

"Spika nzima, Darla. Iko kwenye moja."

"Moja ndiyo nini?"

"Moja ndiyo kasi ya binadamu," Norm alisema. "Karibu duniani, mama."

Watu walicheka, lakini Darla hakucheka. Alianza kutembea tena, kwa haraka zaidi, huku akijisugua sikio la kushoto. Dakika kumi zikapita, kisha kumi nyingine. Tulipita mahali pa zile mashine kumi na nne, na mahali pa binti na Green Bay. Hakuna aliyeinua mkono. Kila baada ya muda Darla alisimama na kusema, "Mimi naijua sauti hii," na Norm akamjibu kwamba angekuwa mtu wa ajabu kama asingeijua baada ya vipindi mia moja na hamsini. "Siyo hivyo," Darla alisema. "Siyo huko." Nilimwona akiushika mlango wa chumba, akauachia, akaushika tena.

Ndipo msimulizi akafika mahali ambapo Darla alikuwa hajapasikia. Majuzi, alisema, alimwuliza mtu mmoja anayepita kwake kila siku anasikiliza nini sikioni. Mtu huyo alimjibu kwamba anasikiliza mtu anayejua kusimulia. "Nikafurahi," sauti ilisema, ikapumzika. "Maana nilijua sasa kwamba watu wa namna hiyo wapo. Na kwamba mimi, mwenye mashine zangu kumi na nne, si mmoja wao." Kisha akakohoa, akasema, "Sasa basi, twende taratibu," na akaendelea.

Darla alikaa. Nilitazama saa kwa mazoea: saa nne na dakika thelathini na moja.

"Kisanduku mia mbili na kumi na mbili," alisema.

Alitueleza kwa maneno machache na kwa pupa, na mengine aliyamalizia njiani. Upande wa Republic, mwisho wa barabara ya changarawe, aliishi mzee aitwaye Reino Pelkola, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. Kila siku, saa saba na dakika kumi, mzee huyo husimama kando ya kisanduku chake akimngoja, na kila siku huanza sentensi. Darla hajawahi kuisikia ikifika mwisho. Huwa humtilia barua mkononi, husema "Siku njema, Bwana Pelkola," na huondoa gari mzee angali kati ya neno la tatu na la nne. Jumatatu ya tarehe 15 Oktoba mzee alimwuliza, "Unasikiliza nini huko sikioni, mama?" Naye akamjibu, "Podikasti. Ya mtu mmoja anayejua kusimulia, mzee. Huwezi kumjua." Mzee akaanza, "Siku kama ya leo, mwaka wa sabini na moja," na gari likaondoka. Aliyekuwa akisema sikioni mwa Darla wakati huo, kwa kasi maradufu, alikuwa Reino Pelkola.

"Nimemkimbia miaka sita," Darla alisema, "ili nikamsikilize."

Norm alivua kofia yake ya rangi ya chungwa. Ni mara ya pekee niliyomwona akifanya hivyo.

Darla alitaka twende wote. Sababu yake ilikuwa ya kihesabu, na mimi niliikubali: mtu aliyeambiwa kumi na nne lazima aonyeshwe kumi na wanne. Janelle alisema hawezi; maktaba haifungwi kwa sababu ya podikasti, hata podikasti hii. Tukabaki kumi na watatu katika magari manne. Norm nami tulipanda gari la Darla, Norm akiwa nyuma kati ya makreti ya barua, magoti yake karibu na masikio.

Theluji ilianza kabla hatujatoka mjini, ile nyepesi ya Novemba inayoganda barabarani na kuwa kama sabuni. Ni maili ishirini na tatu. Darla aliendesha, na kila tulipopita kisanduku cha barua mkono wake wa kulia ulitoka kwenye usukani ukaelekea dirishani, ukarudi. Norm alijaribu kuwasha redio.

"Zima," Darla alisema.

"Nilidhani ukimya unakuua."

"Acha uniue. Umeangalia saa?"

"Saa tano na robo. Na mwenzetu wa nyuma haonekani tena."

Gari la pili, lenye watu wanne, lilikuwa limeteleza kwenye kona ya mto na kuingia mtaroni. Mmoja wao alinipigia simu: hakuna aliyeumia, lakini gari halitoki bila trekta. Nilimwambia Darla. Hakupunguza mwendo.

"Wanasemaje? Wana baridi?"

"Wana mkate wa iliki na chupa ya kahawa."

"Basi hali yao ni nzuri kuliko yetu. Tutawapitia."

Hivyo tulifika kwa Reino Pelkola saa tano na dakika thelathini na nane tukiwa tisa. Nyumba ilikuwa ndogo, ya mbao zisizopakwa rangi, na nyuma yake kulikuwa na kibanda cha sauna, cha kuogea mvuke, kisichofuka moshi. Uani lilisimama gari la kijivu, injini ikinguruma, buti wazi, limejaa masanduku na kiti kimoja cha kubembea. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, aliyevaa koti refu, alikuwa akilifunga sanduku la mwisho kwa kamba. Huyo alikuwa Marlys, binti yake. Alikuwa amefika mapema kwa ajili ya theluji, na alikuwa amechoka mapema pia.

"Jamani, ninyi ni akina nani?" aliuliza.

Darla alikuwa ameshateremka. "Sisi ndio zile mashine," alisema.

Marlys alitutazama mmoja mmoja, akamtazama Norm aliyekuwa akijikunjua kutoka nyuma ya gari la barua kwa mguno. Nadhani alitaka kusema kitu cha kujitetea, lakini mlango ulifunguka na baba yake akatoka. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo kuanzia mabegani, na koti lake lilikuwa tayari limefungwa vifungo vyote. Alimwona Darla kwanza.

"Leo ni Jumamosi," alisema polepole. "Hupiti Jumamosi. Jumamosi anapita yule—"

Darla alikuwa ameinua mkono, kama afanyavyo siku zote, mkono wa kumkatiza na kumuaga. Aliushusha. Alisubiri.

"—kijana," Reino alimaliza.

"Ndiyo, Bwana Pelkola. Leo sikuleta barua. Nimeleta watu."

Akamwambia. Aliyasema mambo yote kwa pumzi moja na kwa kasi yake: chama, maktaba, kura, Januari ya mwaka 2016, sikio la kushoto, kasi maradufu, Oktoba 15, kipindi cha thelathini na moja na mlango wa kijani. Mzee alisikiliza kichwa kikiwa upande. Darla alipoishiwa na pumzi, mzee alinyanyua kidole na kuanza kutuhesabu, akitugusa kwa macho mmoja mmoja kama mtu ahesabuye nguzo za uzio.

"Tisa," alisema.

"Wanne wako mtaroni," Norm alisema. "Mmoja yuko kazini."

"Mtaroni wamekufa?"

"Hapana, mzee. Wanakula mkate."

Reino alijumlisha. Sikuwa na shaka na hesabu yake. Alikuwa mpima ardhi wa kaunti kwa miaka thelathini na minane. Alimgeukia binti yake.

"Marlys. Zima gari."

"Baba, theluji."

"Zima gari, mwanangu."

Tuliingia jikoni. Viti vilivyobaki vilikuwa vinne, kwa maana vingine vilikuwa vimeshagawiwa, na juu ya meza isiyo na kitambaa ilikuwapo maikrofoni yake, ndogo, yenye soksi ya mtoto iliyovikwa juu kuzuia upepo wa pumzi. Marlys aliweka maji ya kahawa bila kuulizwa. Aliposimama karibu yangu alisema kwa sauti ya chini, "Kumi na nne kila wiki, kwa miaka. Wewe ungesemaje?" Nilimjibu kwa haki kwamba mimi pia ningesema mashine.

Darla hakukaa. Alisimama kwenye sinki, akaenda dirishani, akarudi, akagusa kalenda.

"Usiende," alimwambia Reino. "Au nenda, lakini usiache. Nyumba zimebaki nyingi. Hujasema ile ya njia panda, hujasema ile ya wale ndugu wawili na farasi. Mimi nazipita kila siku, naona mashimo tu kwenye majani, sijui—"

"Kaa," Reino alisema.

"Nasikia vizuri nikisimama."

"Najua. Miaka sita nimekuona unavyosikia." Hakulisema kwa uchungu, alilisema kama kipimo. "Ulisema kipindi cha thelathini na moja ni nyumba yenu."

"Ndiyo."

"Yule mtoto."

"Ndiyo."

"Nilitaka kumwuliza siku ile, lakini msimamizi wangu akaniita. Nimejiuliza miaka arobaini na minane." Akapumzika. Jikoni watu tisa na Marlys tulisubiri, na hakuna aliyemsaidia neno. "Ulikuwa unakimbia nini?"

Darla aliitazama sakafu. Kisha alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono kati ya magoti.

"Nilidhani nikizunguka bila kusimama hutaweza kuipima," alisema. "Na isipopimwa, hawataibomoa."

"Ulinichelewesha dakika ishirini," Reino alisema.

"Tu?"

"Ishirini. Niliandika."

Norm alicheka kwanza, kisha Darla, kicheko kifupi kilichomtoka puani, na baada yake akajifuta uso kwa kofia.

Hapo mzee alifanya jambo ambalo binti yake hakulitarajia. Alivua koti, akaiwasha mashine yake ya kurekodia, akaivuta karibu maikrofoni yenye soksi, akasema, "Sasa basi, twende taratibu. Siku kama ya leo, mwaka wa sabini na moja." Ilikuwa ileile sentensi ya kisandukuni. Iliendelea kwa muda wa saa moja na dakika arobaini. Ilihusu nyumba ya seremala mmoja karibu na mto, aliyekataa kuhama na kuanza kuihamisha nyumba yake mwenyewe, chumba kimoja kimoja, juu ya sleji ya kuburutwa thelujini, majira ya baridi, hadi ng'ambo. Ikafika yote isipokuwa jiko. Sitaisimulia. Imo katika kipindi cha mia moja hamsini na moja, na kwa kasi ya kawaida.

Si wote waliovumilia hadi mwisho. Baada ya nusu saa simu zilianza kuita: walio mtaroni walikuwa wamemaliza mkate. Watu sita waliinuka mmoja mmoja, wakamshika mzee mkono bila kumkatiza, wakaenda kutafuta trekta kwa jirani. Mlio wa magari yao mawili yakiondoka umo pia katika kipindi hicho. Darla aligeuka kutazama dirishani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukicheza chini ya meza, ukicheza, ukicheza, na vidole vyake vilipapasa mfukoni ilipo simu, vikatoka vitupu. Mara mbili niliamini anainuka. Hakuinuka.

Alipomaliza, Reino aliizima mashine. Darla alimwuliza kama kutakuwa na kingine Alhamisi ijayo.

"Sijui," alisema. "Green Bay sijaipima."

"Hilo si jibu, mzee."

"Siyo. Ni mwanzo wa sentensi."

Marlys alimvalisha koti. Alikuwa anauzima umeme wa nyumba katika kisanduku cha ukutani alipomwona baba yake akirudi mezani, akiing'oa maikrofoni kwenye waya wake na kuitia mfukoni pamoja na soksi yake. Alimfungulia mlango.

Gari la kijivu liliondoka saa nane na dakika ishirini na mbili likiwa na watu wawili. Walio mtaroni walikuwa wanne, wazima wote. Waliowaendea walikuwa sita. Maktabani alikuwapo mmoja. Tuliobaki uani kwa Reino Pelkola, kando ya kisanduku mia mbili na kumi na mbili, tulikuwa watatu: Norm Beaudry, mimi, na Darla Trevarrow, aliyekuwa amesimama tuli.